Imeingia, Imekataa

Katika Kiswahili mashine haiharibiki, hukataa. Gari limekataa kuwaka. Simu imekataa chaji. Jenereta imekataa, tena usiku wa harusi, na mwenye shughuli anaizunguka akiibembeleza kama mtoto aliyesusa chakula. Tumeuzoea usemi huu hata hatuusikii tena. Mimi nami sikuwahi kujiuliza kama kitu kisicho na moyo kinaweza kukataa, na kama hakiwezi, basi anayekataa ni nani. Swali hilo lilinijia usiku mmoja wa Agosti, nimepiga magoti sakafuni chumbani kwangu, bisibisi mkononi.

Naishi Al Barsha 1, mitaa ya nyuma ya Mall of the Emirates. Nje, hata saa nne za usiku, joto lilikuwa limekaa juu ya lami kama mtu asiye na pa kwenda. Mwendo wa dakika chache kutoka hapo, ndani ya jengo lile la maduka, watu walikuwa wanateleza juu ya theluji. Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa anarudi kwao. Desturi ya hapa ni moja: anayeondoka huuza. Kwanza kabati, kisha jokofu, kisha vyungu, mwishowe vitu ambavyo mwenyewe hajui aviite nini. Katika hivyo vya mwisho nilikuta kasha la kompyuta ya mezani, na ndani yake madabodi safi yenye chipseti ya Intel ya mfululizo wa 200. Prosesa ilikuwa imeshang'olewa. Nikaichukua kwa bei ya mlo wa watu wawili. Nia yangu ilikuwa kuunda mashine moja nzima, nimpelekee mpwa wangu Tanga.

Ijumaa nikapanda metro mpaka BurJuman, nikaingia maduka ya kompyuta ya Bur Dubai, nikarudi na prosesa iliyotumika, ya kizazi cha nane. Hesabu ilikuwa rahisi. Soketi ya bodi ilikuwa na miguso 1151, na prosesa ilikuwa na miguso 1151. Ninayeishi naye chumba kimoja alikuwa fundi Kariakoo kabla ya kuja huku kufanya kazi za hoteli, na mikono yake haijasahau. Akaishika prosesa kwa kingo, akailaza, akashusha mkono wa chuma.

"Kaka, imeingia."

Tukawasha. Feni zikazunguka, taa ndogo ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Akatoa kumbukumbu, akasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Nyeusi. Akang'oa ile betri ya duara, akangoja, akairudisha. Nyeusi. Akaketi kitako, akajifuta jasho.

"Imeingia," akasema, "lakini imekataa."

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu kuliko alivyokusudia. Fundi ana maneno mawili, na hayachanganyi. *Haiingii* ni habari ya umbo: tundu dogo, mguu mkubwa, hakuna wa kulaumiwa. *Imekataa* ni habari nyingine kabisa. Hapo umbo limekubali, na bado mlango umefungwa.

Kuelewa kwa nini, yafaa tuanze na kile kinachoitwa chipseti, maana jina lake hutajwa sana na kazi yake haielezwi. Kompyuta ya IBM iliyotoka Agosti 12, 1981 haikuwa nayo. Ilikuwa na prosesa ya Intel 8088, na kandokando yake chipu nyingi za pembeni: moja ya kuhesabu muda, moja ya kuamua nani azungumze kwanza, moja ya kuhamisha data bila kuisumbua prosesa. (Mwaka huohuo Dubai ilianza maonyesho yake ya kompyuta, ambayo leo yanajulikana kwa jina la GITEX, wakati Al Barsha hii ilikuwa bado mchanga.) Katikati ya miaka ya 1980 kampuni moja ya California, Chips and Technologies, ikazikusanya kazi hizo za kutawanyika ndani ya chipu chache. Kuanzia hapo kutengeneza kompyuta kukawa jambo la viwanda vingi badala ya kimoja.

Sisi watu wa pwani tulikuwa na neno la kazi hiyo karne nyingi kabla. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta desturi hii: jahazi likitia nanga, vijana wa mji hulifuata kwa mashua wakiwa na sahani za chakula, kila mmoja akimchagua mfanyabiashara na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Mfanyabiashara akishuka, hufikia kwa kijana yule, na kuuza na kununua kwake kote hupitia kwake. Mtu huyo ni mwenyeji. Prosesa ni tajiri aliyetoka baharini: ana mali ya hesabu tele, lakini hajui njia ya kwenda kwenye diski, kibodi wala tundu la USB. Chipseti ndiyo inayoijua mitaa.

Tena kwa miaka mingi wenyeji walikuwa wawili kwenye bodi moja, na wahandisi waliwaita daraja la kaskazini na daraja la kusini. La kaskazini lilikaa karibu na prosesa, likashika mambo ya haraka, yaani kumbukumbu na picha. La kusini likashika ya polepole: diski, sauti, kibodi. Sidhani wahandisi wale walijua kwamba kwetu maneno hayo yanabeba pepo mbili, kaskazi na kusi, na kwamba pepo hizo ndizo zilizokuwa zikipanga nani afike lini, na mzigo gani usubiri gatini mpaka msimu ugeuke.

Mwaka 2003 AMD, katika prosesa ya Athlon 64, ikahamishia usimamizi wa kumbukumbu ndani ya prosesa yenyewe. Intel ikafuata mwaka 2008. Mwaka mmoja baadaye zikatoka bodi za Intel zenye chipu moja tu badala ya mbili: daraja la kaskazini limemezwa. Mgeni alikuwa ameanza kujipikia. Ungedhani basi mwenyeji angepungukiwa na sauti, lakini sivyo ilivyokuwa. Kazi zilipungua, ila ufunguo wa mlango ulibaki mkononi mwake.

Ijumaa iliyofuata nilirudi Bur Dubai kubadilisha prosesa. Muuzaji hakutaka kuirudisha. Alinionyesha kibandiko cha bei na kuniuliza kama kimeandikwa "itakubali". Hakikuandikwa. Nikanunua nyingine ya kizazi cha saba, nikabaki na zote mbili mfukoni, na kwa kuwa hasira haipandi metro vizuri, nikatembea kuelekea Al Fahidi, mtaa wa zamani ulio karibu na hori.

Nyumba za pale ni za mawe ya matumbawe na jasi, na minara ya kunasa upepo juu yake. Niliingia chumba kimoja nikainua macho. Darini kulikuwa na boriti. Si mfano wa boriti, boriti zenyewe: miti ya mikoko, myeusi, iliyopangwa bega kwa bega kama ilivyo katika nyumba ya bibi yangu. Watu wa Ghuba huiita chandal. Miti hiyo ilikatwa Lamu na katika delta ya Rufiji, ikavushwa kwa majahazi, ikauzwa kwa korija, ishirini ishirini, kila unene na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Biashara iliendelea mpaka zama za saruji na chuma, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuipeleka nje.

Mti wa boriti hauwezi kubeba dari la mawe juu ya nafasi pana. Ukizidi sana mita tatu huanza kulegea. Kwa hiyo chumba cha Lamu ni chembamba na kirefu, na chumba cha Dubai ya zamani ni chembamba na kirefu. Hakuna mkutano ulioitishwa kukubaliana. Mwashi wa huku hakuwahi kumwona mwashi wa kule. Kipimo kilitoka kwa mkoko, kikavuka bahari na kusi, na nyumba mbili zilizoachana kwa maelfu ya kilomita zikawa za upana mmoja, hata mti uliokatwa kwa ajili ya hii ungeweza kukaa juu ya ile. Mkoko nao hukataa: jaribu kujengea ukumbi mpana, utauangusha. Lakini unakataa kila mtu kwa namna moja, kwa sababu moja, na sababu yenyewe unaweza kuiona kwa macho ikipinda.

Nilisimama chini ya dari lile na prosesa mbili mfukoni, zenye ukubwa mmoja na idadi moja ya miguso, moja ikikubaliwa na nyingine ikikataliwa. Nikajaribu kukumbuka kama kompyuta nazo ziliwahi kuwa na boriti.

Ziliwahi. Katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na Socket 7, soketi ya matundu 321. Pentium ya Intel iliingia humo. Iliingia pia K6 ya AMD, na 6x86 ya Cyrix, na WinChip ya IDT. Mtu alikuwa na bodi moja, akachagua prosesa kwa kadiri ya mfuko wake, na fundi alichotakiwa kujua ni umeme wa volti ngapi na vile vijiti vya kupanga kasi. Halafu, Mei 1997, Intel ikaleta Pentium II ikiwa imefungwa ndani ya kasha kama kaseti, inayosimama wima katika mlango mpya ulioitwa Slot 1. Mlango ule ulikuwa wa Intel, na washindani hawakupewa ufunguo. AMD ikabaki na nyumba ya zamani, ikaikarabati, kisha mwaka 1999 ikajenga mlango wake, Slot A. Kwa umbo kilikuwa kiungo kilekile cha Slot 1, kimegeuzwa nyuma mbele. Plastiki ileile, nyumba mbili zisizosalimiana.

Tangu hapo kipimo kina mwenyewe, na ukipita tundu kwa tundu utaona jinsi kukataa kulivyohama. Zamani ulikataliwa na umbo. Baadaye umbo likaruhusu, chipseti ikazuia: soketi ya miguso 775 iliyoanza mwaka 2004 ilipokea Pentium 4, na miaka miwili baadaye Core 2 Duo ikatoka kwa soketi hiyohiyo, lakini mwenye bodi ya chipseti za mwanzo hakuambulia kitu. Kisha ikaja hii yangu. Prosesa za kizazi cha saba zilitoka Januari 2017 pamoja na bodi za mfululizo wa 200. Oktoba mwaka huohuo kikatoka kizazi cha nane. Soketi ya 1151, idadi ileile ya miguso, ila sharti ununue bodi ya mfululizo wa 300. Bodi mpya kabisa ilikuwa imezeeka katika miezi tisa.

Tuwe waadilifu kwa Intel. Prosesa kubwa ya kizazi cha saba ilikuwa na viini vinne. Ya kizazi cha nane ilikuwa na sita, na viini sita hunywa umeme zaidi. Miguso iliyokuwa imewekwa akiba iligeuzwa kuwa ya kupitisha umeme, na kampuni ikasema bodi za zamani hazikuandaliwa kwa mzigo huo. Ni sababu yenye akili. Lakini watu wakaidi wa huku na kule wakafungua programu ya BIOS, wakaandika humo jina la prosesa mpya, wakaziba miguso kadhaa kwa vipande vya tepe, wakabonyeza kitufe. Ikawaka. Si kila bodi, na si kila prosesa, wala si kazi ya kumshauri mtu wa kawaida. Hata hivyo iliwaka. Basi kati ya "haiwezekani" na "haturuhusu" palikuwa na upana wa kipande cha tepe.

Miaka mitatu baadaye jambo kama hilo likatokea upande wa pili, na safari hii lilitokea hadharani. AMD ilikuwa imeahidi kwamba soketi yake ya AM4, iliyopokea prosesa za kwanza za Ryzen Machi 2017, itaendelea kuhudumiwa hadi 2020. Watu wakaamini, wakanunua bodi nzuri wakijua kesho watabadilisha prosesa peke yake. Mwanzoni mwa Mei 2020 kampuni ikatangaza kwamba prosesa zijazo hazitafanya kazi kwenye bodi zenye chipseti za B450 na X470. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya ajabu kidogo: chipu inayohifadhi BIOS katika bodi nyingi ni ya megabaiti 16 tu, na majina ya prosesa yamekuwa mengi hata hayaenei. Yaani kitabu cha wageni kimejaa.

Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa. Hazikupita wiki mbili, AMD ikageuza kauli: inawezekana, ila baadhi ya bodi, ili zijifunze majina mapya, zitalazimika kusahau ya zamani. Mwaka 2022 hata bodi za mwanzo kabisa, za mfululizo wa 300, zikafunguliwa mlango. Silikoni haikubadilika katika zile siku chache za Mei. Waya haukuongezwa hata mmoja. Kilichobadilika ni nia ya watu waliokuwa chumbani, baada ya kusikia sauti za watu waliokuwa nje.

Kuna kisa kingine cha kampuni hiyohiyo ninachokipenda zaidi. Mwaka 2018 ilitoa prosesa mpya ambazo bodi zilizokuwa tayari madukani hazikuzijua. Kuifundisha bodi ulihitaji kuiwasha, na kuiwasha ulihitaji prosesa inayoijua, ambayo mnunuzi hakuwa nayo. Basi AMD ikawa inamwazima mnunuzi prosesa ya zamani. Inatumwa kwa posta, inawekwa, bodi inawaka, inafundishwa jina la mgeni mpya, kisha ya zamani inatolewa na kurudishwa ilikotoka. Niliposimulia hili, mwenzangu alicheka. "Kumbe wa zamani ndiye anayekwenda kumtambulisha," akasema. Kisha akanyamaza kidogo, akaendelea kupiga pasi sare yake ya zamu ya usiku.

Prosesa ya kizazi cha saba ilikubali mara ya kwanza. Skrini ikaonyesha nembo, herufi nyeupe zikashuka, tukapeana mikono kama watu waliofunga mashua salama. Ndipo nikaanza kuweka Windows 11, na mashine ileile ikaniambia kwa adabu kwamba prosesa hii haimo katika orodha.

Windows 11 ilitoka Oktoba 2021, na ikachora mstari. Kwa upande wa Intel, kwa karibu aina zote, mstari ulipita kati ya kizazi cha saba na cha nane. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama na uthabiti. Windows 10, ambayo mashine kama yangu iliitumia bila taabu, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025. Nikawa nimekaa kati ya milango miwili. Prosesa ambayo Windows inaitaka, bodi yangu haiitaki. Prosesa ambayo bodi yangu inaitaka, Windows haiitaki. Na safari hii hapakuwa na tundu, wala mguso, wala volti ya kusingizia: jina limekosekana kwenye karatasi tu. Kukataa kulikoanzia kwenye umbo la chuma kumefika mwisho wa safari yake, kumekuwa orodha.

Nilitazama dirishani. Upande wa pili wa Sheikh Zayed Road, ng'ambo ya Barsha Heights, kuna Dubai Internet City, mji wa ofisi uliofunguliwa mwaka 2000, ambamo kampuni za aina hiyo zina vyumba vyao. Sidai kwamba orodha hiyo iliandikwa pale. Nadhani pale nao huipokea kama sisi. Lakini nilijikuta nahesabu mashine zilizomo katika majengo yote yale yaliyowaka taa, ambazo mhasibu atazifuta vitabuni kwa sababu ya mstari mmoja, na njia zitakazopita: ghala, mnada, Deira, kontena, Dar es Salaam, Mombasa. Kule zitakutana na mafundi waliozoea kusugua meno ya kumbukumbu kwa kifutio, ambao hawajapata kusoma orodha yoyote.

Mwenzangu akaweka Linux. Ilichukua muda wa vikombe viwili vya chai ya karak. Mashine ikaenda kwa wakala wa mizigo Deira, ikaingia kontena la kushirikiana, na baada ya majuma kadhaa mpwa wangu akapiga simu.

"Shikamoo mjomba. Imefika."

"Marahaba. Umeichomeka wapi?"

"Ukutani, mjomba. Si inaingia vilevile?"

Inaingia. Plagi ya miguu mitatu bapa, iliyopimwa Uingereza mwaka 1947, ikasafiri na utawala wake, na utawala ukaondoka Tanga na ukaondoka Dubai. Matundu yakabaki ukutani, ya upana mmoja, pande zote mbili za bahari. Leo ni kipimo kisichomuuliza mtu anatoka wapi. Kimekuwa kama boriti.

"Basi washa," nikamwambia. Nikasikia feni kwa mbali, na nyuma yake sauti ya dada yangu akiuliza kama kitu hicho kitakula umeme mwingi.

Ile prosesa ya kizazi cha nane ninayo bado. Iko ndani ya kopo la iliki juu ya jokofu, imefungwa karatasi laini, na pengine hunukia iliki sasa. Kila anayehama jengo hili akianza kuuza vitu vyake, mwenzangu hushuka kutazama kama kuna bodi ya mfululizo wa 300. Hajaipata. Nami nimeacha kuiita prosesa mbovu, kama nilivyokuwa nikiiita wiki ile ya kwanza. Nimeishika mara nyingi chini ya taa: dhahabu ya miguso yake haina mkwaruzo, na viini vyake viko kamili. Haijapungukiwa na kitu ila mwenyeji.